Mzigo Uliotokea Mlango wa Nyuma

Watu wakimtaja Augustino Chilumba siku hizi huanzia kwa polisi, na hilo linaniudhi. Mtu kafanya kazi nasi kwenye korido ya jengo letu Kariakoo miaka ishirini na miwili kabla hajapandishwa difenda ya polisi, na hiyo miaka ndiyo yake. Ile mingine alipewa na serikali. Kwa hiyo mimi nitaanzia ninapotaka.

Alitoka Masasi, mimi nimetoka Kilwa, sote watu wa kusini, na tangu siku ya kwanza tulikuwa tunataniana. Nilikuwa namwambia kwao wanakula panya, halafu wakija mjini wanapaka mafuta midomoni waonekane wamekula kuku. Yeye akinijibu kwamba watu wa Kilwa hawana cha kula, ndiyo maana wanashiba maneno. Alikuwa mfupi, shingo nene, na utosini nywele zilikuwa zimekwisha kwa sababu ya ngata ya kubebea mizigo. Jumapili alivaa suti yake ya kahawia, hiyo hiyo moja, akaenda kanisani na mkewe Benedikta na binti yao Vicky, wakitokea kwenye chumba walichopanga Ilala. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi yuko koridoni anafagia.

Kazi yake ilikuwa kutunza mizigo. Anayekuja Kariakoo kufunga mzigo hanunui vyote duka moja. Atachukua vyombo hapa, mashuka kule, viatu mtaa wa tatu, na hawezi kuzunguka na hayo yote kwenye msongamano ule. Kwa hiyo alikuwa analeta kwa Augustino kila anachonunua, anakwenda kutafuta kingine, na alasiri anarudi kuchukua vyote. Walikuja watu wa Songea, wa Tunduru, wa Mpanda, mpaka Wakongo. Augustino hakuwa na daftari wala risiti. Mimi nauza kanga na vitenge, mlango wa duka langu unafungukia koridoni, na alikuwa anakuja kuniomba vipande vya pindo ninavyokata. Kipande anakichana katikati: nusu anaifunga kwenye mzigo, nusu anampa mwenye mzigo. Atakayekuja na nusu inayolingana na ile, huyo ndiye wa kupewa. Awe mwenyewe, awe mke wake, awe dereva wa guta la mizigo aliyetumwa, halikumhusu. Jina hakuuliza, na kilichomo ndani hakuuliza. Kwa Augustino, kumuuliza mtu mzigo wake una nini ilikuwa ni kumwita mwizi mchana kweupe.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo kila mtu mtaani kwetu analijua isipokuwa wale wanaolipwa mshahara ili wajue. Mzigo kwa Augustino uliingia kwa mbele na kutoka kwa nyuma. Mbele wamachinga wamepanga mpaka mlangoni, guta haliwezi kusimama hata dakika moja. Nyuma kuna uchochoro ambako bajaji na guta zinapakia kwa nafasi. Njia ya kufika huko ni kupita ndani ya duka langu, kati ya kaunta na rafu. Tulipatana zamani: yeye anapita, na mimi marobota yangu ananibebea bure. Kila akipita na mzigo kichwani alikuwa anasema, "Napita, dada," kwa sababu mzigo ulimziba macho, haoni kulia wala kushoto. Mimi naitika au siitiki, inategemea nina mteja gani.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mwezi wa sita, miaka mitatu iliyopita. Saa tatu asubuhi alikuja mwanamume wa makamo, kandambili miguuni, shati limepauka, na robota la mitumba begani. Alisema ametoka Kigoma, analiacha hapo mpaka jamaa yake aje kulichukua. Augustino akachana kitambaa cha bluu, akafunga nusu, akampa nusu. Yule mtu alisimama pale muda mrefu kuliko kawaida, anaangalia korido, anaangalia mlango wa mbele. Mimi nilidhani anaogopa kuibiwa.

Baadaye ndipo tulipojua. Yule mtu alikuwa askari, jina lake Safari, na ndani ya robota kulikuwa na bastola tano, zimefungwa kwenye suruali za jinzi. Alikuwa amejifanya muuza silaha kwa miezi kadhaa, kapata mnunuzi, na serikali ikatoa bastola zake yenyewe ziwe chambo. Mpango ulikuwa mnunuzi apewe kile kitambaa cha bluu, aje koridoni, abebe robota, na akitoka nalo tu mlangoni wamkamate. Askari wenzake walijipanga mbele: wawili kwenye banda la chai, mmoja anajifanya anachagua soksi kwa mmachinga, wengine ghorofa ya pili ya jengo la mkabala. Watu wazima saba, wenye mafunzo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mzigo wa Kariakoo unatokea wapi. Wangemuuliza muuza maji yeyote angewaonyesha.

Mnunuzi alifika muda wa adhuhuri. Kijana mpole, nadhifu, kidole gumba cha kulia hakina kucha. Alimwonyesha Augustino kitambaa, na Augustino akamwambia kama anavyowaambia wote: apite dukani kwa dada, wakutane nyuma. Kijana akaingia kwangu. Akaona kanga, akasimama, akaniomba nimchagulie doti moja ya mama yake mzazi, mtu mzima, asiyependa rangi za kupiga kelele. Nilimchagulia ya zambarau. Akalipa kwa simu, ujumbe ukaingia kwangu na jina lake lote, majina matatu, la kwanza Hashimu. Wakati namfungia, Augustino akapita na robota kichwani. "Napita, dada." Sikuitika, nilikuwa natafuta mfuko. Kijana akanishukuru, akamfuata nyuma, nikasikia bajaji inawashwa.

Kwa hiyo nilikuwepo. Nataka hilo lieleweke vizuri kabla sijaendelea.

Askari wao walikuwa wamemwona kijana akiingia koridoni mikono mitupu, wakangoja atoke. Wakangoja saa nane, saa tisa, saa kumi. Saa kumi na moja na nusu ndipo walipovamia, wakamkuta Augustino anafagia. Aliwaeleza yote bila kusita, maana hakuwa na cha kuficha: mwenye kitambaa kaja, mzigo kapewa, bajaji imeelekea Msimbazi, na hayo ni ya tangu adhuhuri. Nilimwona yule aliyevaa soksi mbili tofauti alizokuwa anajifanya ananunua akikaa chini sakafuni, kashika kichwa. Halafu akaingia Safari, sasa amevaa viatu na ana simu ya upepo mkononi. Augustino alimtambua palepale, na usoni akaonekana amepata nafuu.

"Mbona mzigo ulikuwa wako, bwana?" alimwambia. "Waambie basi. Si wewe uliyepeleka kitambaa?"

Safari hakumtazama. Mwenzake akampiga Augustino kofi, wakamfunga pingu, wakampitisha katikati ya wamachinga mpaka kwenye difenda. Ufagio wake nikauokota mimi.

Kesho yake, Ijumaa, alikuja dukani kwangu mpelelezi kijana, mwenye adabu. Alinipa shikamoo, akakaa kwenye stuli, akafungua karatasi za maelezo. Kichwa changu tangu jana yake kilikuwa kinawaka. Nilikuwa nimejipanga kumweleza yote, na simu nilikuwa nimeiweka juu ya kaunta nimwonyeshe ule ujumbe. Akaanza yeye.

"Mama, Augustino anasema mzigo ulipita ndani ya duka lako na wewe ulikuwepo," alisema. "Kama ulikuwepo, basi itabidi uje kutusaidia. Hizi kesi hazina dhamana, mama yangu, ndiyo maana nakuuliza taratibu."

Nina watoto watatu. Mume wangu alifariki zamani. Abdulrazak, wa mwisho, alikuwa kidato cha nne. Nilivuta pumzi mbili tu.

"Sikuwepo," nikasema. "Nilikuwa nimekwenda kuswali. Duka nilimwachia jirani kwa macho."

Akaandika. Nikaweka sahihi. Aliponyanyuka kwenda zake, alinitakia biashara njema. Nikachukua simu, nikautafuta ule ujumbe wenye majina matatu, nikaufuta. Nimesema uongo mwingi maishani, mfanyabiashara gani hajasema, lakini ule niliusema kwa kuitaja swala ambayo sikuiswali. Naona aibu ninapoandika haya.

Walimfungulia mashtaka ya kusafirisha silaha, yeye na watu ambao hawajakamatwa. Kwenye hati ya mashtaka hakukuwa na Safari, hakukuwa na askari saba, wala hakukuwa na neno lolote kwamba bastola zilikuwa za serikali. Ukiisoma ungedhani Augustino alizitengeneza mwenyewe koridoni kwa mkono wake. Walimpeleka mahabusu, na kila baada ya wiki mbili karandinga lilimleta mahakamani kusikia kwamba upelelezi haujakamilika. Kila mara hivyo hivyo. Mimi na Benedikta tulikuwa tunakwenda pamoja, tunakaa benchi la nyuma, tunamwona dakika tatu, tunarudi Kariakoo kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja.

Siku ya kwanza niliyomtembelea gerezani nilimpelekea sabuni, sukari na dawa ya meno. Nilikuwa nimekaa macho nikifikiria atanitazamaje. Alikuja upande wa pili wa wavu, kanyolewa, kapungua, akanisalimia kwa furaha kabisa. Nikamwambia kwamba wale walikuja kunihoji. Akanikatiza kabla sijafika mbali.

"Najua, dada, nilisomewa maelezo yako," alisema. "Mimi niliwaambia ulikuwepo kwa mazoea tu. Na mzigo kichwani ningekuonaje? Bahati mbaya yangu, siku ile ulikuwa umekwenda kuswali."

Hapo ndipo ningesema. Hakuna mahali pengine palipokuwa pepesi kama pale. Nilikuwa na yeye tu na wavu. Nikamuuliza kama godoro analo.

Baada ya wiki saba, bastola moja ilionekana. Kwenye mtaa wetu kuna muuzaji wa jumla wa chupa za chai na mabeseni, Mchaga wa Rombo, anaitwa Heriel. Alikuwa amefungua tawi Ilala na kumweka binti yake Nice, miaka ishirini na mitatu, msichana wa vicheko, aliyekuwa akija kwangu kuchukua vitenge vya kwaya. Jumamosi moja saa saba mchana waliingia watu wawili kununua hotipoti. Nice hakubishana nao. Aliwapa walichotaka, na bado walimpiga risasi ya shingo. Polisi walipookota ganda walijua mara moja limetoka kwenye bastola gani, maana alama za maganda yake walikuwa nazo wao. Watu wanasema zilitakiwa kuharibiwa kwanza zisiweze kufyatua, na mtu aliyepewa kazi hiyo akadhani mwenzake ameshaifanya. Sijui. Ninachojua ni kwamba Nice alizikwa Rombo, na kwamba mimi nilikuwa na jina la yule kijana kwenye simu wiki saba kabla, nikalifuta kwa kidole changu mwenyewe.

Heriel alitaka mtu wa kumchukia, na serikali ilikuwa naye mmoja tayari. Alianza kuja mahakamani. Alikuwa anakaa benchi la mbele, suti nyeusi, anamkodolea macho Augustino, mtu aliyembebea mabeseni miaka kumi na tano. Siku moja Augustino alipopita karibu naye na pingu alimwambia pole kwa msiba, na Heriel akamtemea mate. Benedikta alilia. Mimi niliuma ukingo wa mtandio wangu, na ndani nilikuwa nataka kusimama na kupiga ukelele kwamba anamtemea asiyehusika, ageuke nyuma.

Mara tatu nilikwenda mahakamani nikiwa nimekusudia kusema. Nilijua hata maneno. Mara ya kwanza hakimu alikuwa na udhuru. Mara ya pili karandinga liliharibika njiani. Mara ya tatu kesi iliahirishwa kabla sijakaa vizuri. Mara zote tatu nilifurahi. Nilitoka pale mwepesi, nikanunua maji ya kunywa, nikajiambia mimi nilikuja, wao ndio hawakuwa tayari. Mtu anaweza kujidanganya mahali popote, hata kwenye ngazi za mahakama.

Huku nje maisha yake yalikuwa yanabomoka kipande kimoja kimoja. Vicky alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, akaacha. Benedikta alikiachia kile chumba cha Ilala, akarudi Masasi kwa kaka yake na kumchukua binti. Korido mwenye jengo aliipangisha kwa vijana wauza kava za simu. Wateja wa mikoani walikuja mwanzoni wakimuulizia, wakasikia habari, wakaacha kuja. Waliponiuliza mimi nilisema ni mtu mwema kaponzwa, nao wakanisifu kwa kutomtupa. Maana baada ya Benedikta kuondoka nilibaki mimi peke yangu wa kumtembelea. Sikukosa wiki. Mtaa mzima ukanitolea mfano: mwanamke wa Kiislamu, si ndugu yake, si kabila lake, anamtunza mfungwa miaka nenda rudi. Shehe mmoja alinitaja kwenye mawaidha. Nilikuwa nabeba ile sabuni na sukari nikijua ninachokilipia, na kwamba hakilipiki.

Alikaa ndani miaka miwili na miezi minne. Halafu, mkoa mwingine kabisa, walikamatwa watu wanne na bastola tatu kati ya zile tano, na mmojawao akatoboa yote mbele ya waandishi: muuzaji alikuwa ofisa wa serikali, na yule mzee wa korido hawakumjua hata jina. Wiki mbili baadaye wakili wa serikali alisimama, akasema Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri dhidi ya mshtakiwa. Sentensi moja. Hakuna aliyesema samahani, hakuna aliyeeleza kitu. Safari nasikia alihamishwa. Heriel hakuja siku hiyo, wala hajaongea na mtu kuhusu jambo hilo tangu hapo, na mimi simlaumu kwa lolote.

Nilikwenda kumpokea getini. Alikuwa amevaa ile suti ya kahawia ambayo Benedikta aliiacha kwangu, ikamning'inia, na alikuwa anakohoa kikohozi kibaya. Nilimpeleka Kariakoo kwa sababu alitaka kuiona. Alisimama mlangoni pa korido, vijana wa kava wakamuuliza anataka ya simu gani. Akacheka kidogo. Kisha akaingia dukani kwangu, akapita kati ya kaunta na rafu mikono mitupu mpaka mlango wa nyuma, akausukuma, akatazama uchochoro. Nilimwambia aje anywe chai. Alikunywa nusu kikombe, akasema mgongo haumruhusu tena kubeba, anakwenda kwao akalime korosho za shemeji. Nikamkatia tiketi ya basi la alfajiri. Niliwaza kumwambia pale kwenye chai. Niliwaza kumwambia stendi. Basi lilipoanza kurudi nyuma alikuwa ananipungia mkono dirishani.

Wiki iliyopita simu iliita saa nne asubuhi, duka limejaa. Ilikuwa namba ya Vicky, lakini aliyeongea alikuwa baba yake, na sauti ilikuwa imechoka sana, anapumzika kila baada ya maneno machache. Alianza kwa kunitania kwamba panya wa mwaka huu wamenona, nije. Halafu akasema Vicky kajifungua salama, mtoto wa kike. Padri aliwauliza jina na wote nyumbani wakamwachia yeye babu mtu achague.

"Nimempa Zulekha," akasema. "Benedikta kasema siyo jina la ubatizo, nikamwambia ataongezewa lingine. Mimi nataka mtoto huyu abebe jina la mtu aliyenisimamia."

Nilitafuta kiti nikakosa, nikashika kaunta. Nilimwambia hongera. Nilimwambia nitamletea mtoto doti mbili za kanga na beseni. Akanishukuru, akakohoa, simu ikachukuliwa na Vicky, naye akanishukuru kwa kirefu, akilia. Nilipoiweka simu chini mteja aliyekuwa mbele yangu alinitazama, akaniuliza kwa upole kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimepata mtoto wa jina langu huko Masasi.